Kukopa harusi, kulipa matanga: Familia yenye kipato kisichotabirika inavyoweza kumaliza madeni

Na Mwandishi Wetu

KUKOPA harusi, kulipa matanga. Wahenga waliotuachia msemo huo hawakuwahi kuuona mkopo wa simu ya mkononi wala ule wa kurejesha kila siku, lakini walilitambua jambo moja ambalo mpaka leo halijabadilika: fedha ya mkopo huingia nyumbani kwa siku moja, ilhali deni lake hukaa kwa miezi.

Kwa mfanyakazi anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, hesabu ya deni ni nyepesi kiasi. Anajua kitakachoingia, anajua kitakachokatwa, na kinachobaki ndicho cha kupanga. Hali ni tofauti kwa familia ya fundi ujenzi, mama lishe, dereva wa bodaboda, mmachinga au msusi. Wiki moja fedha inapatikana, wiki inayofuata hakuna kitu, na tarehe ya marejesho haitambui tofauti hiyo.

Makala haya yanaeleza njia ambazo familia ya mjini yenye kipato cha namna hiyo inaweza kuzitumia ili kumaliza madeni ya nyumbani. Hoja yake ya msingi ni kwamba familia nyingi hazishindwi kulipa kwa sababu tu kipato ni kidogo. Zinashindwa kwa sababu zimekubali ratiba ya marejesho isiyofanana na mwendo wa mapato yao. Ratiba hiyo isiporekebishwa, hata kipato kikiongezeka deni litaendelea kuwapo.

Kipato kinavyopanda na kushuka

Kipato kisichotabirika hakimaanishi kipato kisicho na utaratibu wowote. Mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka kadhaa anafahamu kuwa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, husimamisha kazi nyingi za ujenzi, hujaza maji barabara za mitaani na kupunguza abiria wa bodaboda. Anafahamu pia kuwa mwezi wa Ramadhani mama lishe hukosa wateja wa mchana, na kwamba Januari ni mwezi wa sare, madaftari na ada kwa wenye watoto katika shule za binafsi, wakati mifuko imekwishatobolewa na sikukuu za Desemba.

Gharama nazo haziji kwa usawa. Wenye nyumba wengi mjini hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa familia inayopata fedha yake kidogo kidogo kila siku, kodi ya miezi sita ni mlima, na wengi huupanda kwa kukopa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuandika. Daftari la shilingi chache linatosha. Kila jioni familia iandike kilichoingia, kutoka kwa nani na kwa kazi gani. Miezi mitatu ikipita, daftari litaonyesha jambo ambalo kichwa hakiwezi kulikumbuka kwa usahihi: mwezi mbaya kabisa uliingiza kiasi gani, na mwezi mzuri ulizidi kwa kiasi gani. Anayetumia huduma za fedha kwa simu anaweza kuomba taarifa ya miamala yake na kuilinganisha na daftari.

Pima kwa mwezi mbaya, si kwa wastani

Tuchukue mfano wa familia ya kubuni yenye watu watano, baba akiwa fundi ujenzi na mama akiuza chakula. Katika miezi sita mapato yao kwa pamoja, baada ya kutoa mtaji wa biashara, yalikuwa Sh700,000, Sh420,000, Sh610,000, Sh380,000, Sh650,000 na Sh480,000. Jumla ni Sh3,240,000, sawa na wastani wa Sh540,000 kwa mwezi.

Mahitaji ya lazima ya familia hiyo ni chakula Sh210,000, kodi ya vyumba viwili Sh80,000, maji, umeme na mkaa Sh45,000, pamoja na nauli na matumizi ya shule Sh35,000. Jumla yake ni Sh370,000 kila mwezi.

Afisa mikopo akiangalia wastani atasema familia hii inabakiwa na Sh170,000 kila mwezi, hivyo inaweza kulipa rejesho la Sh150,000 bila shida. Kwa karatasi yuko sahihi. Lakini mwezi wa pili ulibakiza Sh50,000 na mwezi wa nne Sh10,000 tu. Katika miezi hiyo rejesho la Sh150,000 halikuwa na pa kutoka isipokuwa kwenye chakula, kwenye mtaji wa biashara, au kwa mkopeshaji mwingine. Hapo ndipo deni moja huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu.

Kanuni inayofaa ni hii: ahadi ya kulipa kiasi kisichobadilika kila mwezi ipimwe kwa mwezi mbaya kuliko yote. Ziada ya mwezi wa neema itumike kulipa zaidi ya kilichoahidiwa, kwa hiari. Familia ya mfano wetu ikiulizwa inaweza kuahidi kiasi gani bila kukosa, jibu la kweli ni kama Sh10,000 kwa mwezi. Ikiulizwa inaweza kulipa kiasi gani katika miezi sita, jibu ni Sh1,020,000. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kiini cha tatizo, na ndiyo pia njia ya kutokea.

Madeni hayalingani

Baada ya mapato, yaandikwe madeni yote, pamoja na yale ambayo watu huona aibu kuyataja: la duka la jirani, la shemeji, la simu. Kwa kila deni yaulizwe maswali manne. Linagharimu kiasi gani kwa mwezi? Likichelewa kitachukuliwa nini? Nani ataumia pamoja nami? Na je, mdai yuko tayari kusubiri akiombwa?

Maswali haya hupanga madeni kwa mpangilio ambao mara nyingi si ule ambao mdaiwa alikuwa akiufuata. Watu wengi humlipa kwanza mdai mwenye kelele, au yule wanayemwonea haya. Deni linalostahili kutangulia ni lile linalokula fedha nyingi kila mwezi, au lile ambalo likichelewa litaondoa chombo cha kazi, makazi au heshima ya watu waliokudhamini.

Katika fungu la kwanza huingia mikopo inayojulikana mitaani kwa jina la kausha damu, ambayo marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki. Katika fungu la pili huingia kodi ya pango, deni lililowekewa dhamana ya pikipiki, cherehani au friji ya biashara, na mkopo wa kikundi ambao wenzako hulazimika kuulipa usipoonekana. Madeni yasiyo na riba, kama la dukani na la ndugu, yanaweza kusubiri, mradi mwenyewe aambiwe ukweli na apate kitu kidogo kila inapowezekana.

Riba inavyojificha

Mkopaji wengi huuliza swali moja tu: nitarejesha kiasi gani kwa siku? Swali hilo ndilo linaloificha riba. Chukua mkopo wa Sh100,000 unaorejeshwa kwa Sh4,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ya marejesho ni Sh120,000, na mkopeshaji atasema riba yake ni asilimia 20. Lakini mkopaji hakai na Sh100,000 kwa mwezi mzima. Siku ya kwanza tu ameanza kurudisha, na katikati ya mwezi kiasi kikubwa cha fedha ile kimekwisha kurudi kwa mwenyewe. Ikikokotolewa kwa salio linalobaki kila siku, riba halisi ya mkopo huo inazidi asilimia 35 kwa mwezi.

Jambo kama hilo hutokea katika mikopo mikubwa. Mkopo wa Sh1,000,000 wa miezi 12 wenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayopigwa kwenye mkopo wote wa awali unagharimu riba ya Sh360,000. Mkopo huo huo, kwa asilimia hiyo hiyo, ukipigiwa riba kwenye salio linalopungua, unagharimu takriban Sh205,500. Asilimia ni ile ile, gharama ni mbali na mbali. Kabla ya kutia saini, mkopaji aulize riba inapigwa kwenye mkopo wa awali au kwenye salio, ada ya fomu na bima ni kiasi gani, na jumla ya fedha zote atakazotoa mpaka mwisho ni ngapi. Swali la mwisho ndilo la muhimu zaidi.

Mikopo ya simu nayo ina tabia yake. Tangu Vodacom na benki iliyokuwa ikiitwa CBA walipozindua M-Pawa mwaka 2014, huduma za kukopa kwa simu zimeongezeka, zikiwamo zile zinazokuongezea salio pale fedha yako inapopungua wakati wa kufanya muamala. Urahisi wake ni msaada kwa dharura ya kweli. Hata hivyo, huduma ya kuongezewa salio hujilipa yenyewe mara fedha inapoingia kwenye simu. Kwa mtu anayelipwa ujira wake kwa simu, maana yake ni kwamba deni hili hutangulia chakula cha watoto bila yeye kuamua hivyo. Anayejikwamua kwenye madeni afunge mlango huu mapema, au awaombe wateja wake wamlipe kwa njia nyingine mpaka atakapomaliza.

Hesabu ya miezi sita

Turudi kwa familia ya mfano wetu. Tuseme inadaiwa Sh200,000 na mkopeshaji wa kausha damu anayetoza asilimia 20 kila mwezi, Sh300,000 na kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi, Sh160,000 za kodi ya pango ya miezi miwili, Sh60,000 dukani na Sh40,000 za mkopo wa simu. Jumla ni Sh760,000.

Familia hiyo ikiendelea kumlipa mkopeshaji wa kwanza riba peke yake, kama wengi wafanyavyo, baada ya miezi sita itakuwa imetoa Sh240,000 na bado inadaiwa Sh200,000 zile zile.

Sasa tazama njia nyingine. Mwezi wa kwanza ulibakiza Sh330,000. Sh240,000 zinafuta kausha damu pamoja na riba yake. Sh40,000 zinafuta deni la simu, Sh15,000 ni riba ya kikundi, na Sh35,000 zinawekwa akiba. Wiki hiyo hiyo familia inakwenda kwa mwenye nyumba na mwenye duka kueleza mpango wake, bila kusubiri kufuatwa.

Mwezi wa pili, wa Sh50,000, kikundi kinapata riba yake ya Sh15,000, duka Sh20,000 na akiba Sh15,000. Mwezi wa tatu, wa Sh240,000, mwenye nyumba anapata Sh80,000, duka linamaliziwa Sh40,000, kikundi kinapata riba ya Sh15,000 na Sh75,000 za kupunguza mkopo, na akiba inaongezewa Sh30,000.

Mwezi wa nne ndio wa ukata. Zimebaki Sh10,000, na riba ya kikundi kwa salio la Sh225,000 ni Sh11,250. Upungufu wa Sh1,250 unatoka kwenye akiba. Hapa ndipo faida ya akiba inapoonekana: mwezi ambao hapo awali ungezaa mkopo mpya umepita kwa hasara ya fedha ya vocha.

Mwezi wa tano, wa Sh280,000, pango linamalizwa kwa Sh80,000, kikundi kinapata riba ya Sh11,250 na Sh150,000 za kupunguza mkopo, na Sh38,750 zinakwenda akiba. Mwezi wa sita, wa Sh110,000, kikundi kinamaliziwa Sh75,000 na riba ya Sh3,750. Zinazobaki zinafikisha akiba Sh148,750. Familia haidaiwi na mtu.

Mapato hayakuongezeka hata shilingi moja, na riba yote iliyolipwa ni Sh111,250. Kilichobadilika ni mpangilio.

Ni kweli kwamba hesabu hii imeanza na mwezi mzuri, na kwamba katika miezi sita hakuna mtoto aliyeugua wala msiba uliotokea. Familia inayoanza katika mwezi wa ukata haiwezi kufuta deni kubwa kwa mkupuo. Kwake kazi ya kwanza ni kuzuia deni lisikue, kwa mazungumzo au kwa kulihamisha kama itakavyoelezwa hapa chini, huku ikisubiri mwezi wa neema ikiwa na mpango tayari mkononi. Fedha nyingi zikiingia bila mpango hupata matumizi yake haraka sana.

Kugawa siku ile ile

Mpango wa mwezi hauwezi kusimama bila utaratibu wa siku. Mahitaji ya Sh370,000 kwa mwezi ni kama Sh12,500 kwa siku. Kiasi hicho kikishafika, kinachozidi siku hiyo kigawanywe jioni ile ile, kabla hakijalala mfukoni. Sehemu moja kati ya kumi, kwa uchache, iende kwenye akiba na inayobaki iende kwenye fungu la deni. Siku ambayo mapato hayakufika Sh12,500, hakuna kinachotolewa kwa ajili ya deni, na siku ya ziada hufidia.

Mahali pa kuweka ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafaa kwa akiba ndogo, kwa kuwa kukivunja ni uamuzi mzito. Akaunti ya akiba ya simu inafaa kwa fungu la deni. Upatu unaoendeshwa na kijumbe mwaminifu unaweza kusaidia kupata mkupuo wa kodi ya pango, lakini una tabia ya rejesho lisilobadilika: siku ikifika lazima utoe. Anayejiunga achague mchezo wa kiasi kidogo, kile ambacho hata mwezi wa ukata kitapatikana.

Wapo wanaouliza kwa nini kuweka akiba wakati deni lina riba. Kwa mwenye mshahara swali hilo lina nguvu. Kwa mwenye kipato cha kubahatisha, akiba ndogo ndiyo inayozuia mkopo mpya wa riba kubwa, na mkopo mmoja wa kausha damu unafuta faida yote ya kulipa deni la zamani haraka.

Kuzungumza na mdai

Mdaiwa anayejificha hupoteza silaha yake kubwa. Mkopeshaji yeyote anapendelea kulipwa polepole kuliko kutolipwa. Mazungumzo yafanyike kabla ya tarehe ya rejesho, yakiambatana na daftari la mapato na fedha kidogo ya kuanzia. Mdaiwa anaweza kuomba marejesho ya kila mwezi badala ya kila siku, kupunguziwa faini za kuchelewa, kuongezewa muda, au kulipa riba tu katika miezi ya masika.

Makubaliano yoyote mapya yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yawe na tarehe na saini za pande mbili. Risiti za kila malipo zitunzwe. Migogoro mingi ya madeni inayofika kwa wenyeviti wa serikali za mitaa haihusu kama fedha ilikopwa, bali ni kiasi gani kimekwisha kulipwa.

Kuhamisha deni

Kukopa ili kulipa deni lingine ni hatari, isipokuwa kwa sharti moja: mkopo mpya uwe na riba ndogo kwa dhahiri, marejesho yanayolingana na mapato, na wote utumike kufuta deni la zamani siku hiyo hiyo.

Chanzo cha kwanza cha kufikiria ni chama cha akiba na mikopo, SACCOS, au kikundi cha VICOBA. Vikundi vya aina hii vina nasaba na utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukaenea Afrika nzima. Faida yake ni kwamba riba inayolipwa na wanachama hubaki ndani ya kikundi na hugawanywa mwisho wa mzunguko kwa kadiri ya hisa. Upande wa pili wa faida hiyo ni dhamana ya pamoja. Ukikwama, jirani yako ndiye atakayelipa.

Chanzo kingine ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu wake, kisha ikarejeshwa. Hata hivyo, hutolewa kwa shughuli za uzalishaji, hivyo haifai kuombwa kwa nia ya kulipa madeni ya nyumbani. Inachoweza kufanya ni kurudisha mtaji uliokwisha kuliwa na marejesho.

Sheria inasemaje

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wote wadogo chini ya usimamizi, wakiwamo watu binafsi wanaokopesha kwa riba. Iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Wakopeshaji wa daraja la pili wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), na riba yao haipaswi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Msomaji anaweza kulinganisha kiwango hicho na mifano iliyotangulia.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea fedha, mkopaji ana haki ya kuuliza leseni, kupewa mkataba na kuusoma. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni wamelalamikiwa kwa kuchukua majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na wafanyakazi wenzake ujumbe wa kumdhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa hizo, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Malalamiko dhidi ya wakopeshaji hupelekwa BoT.

Kushindwa kulipa deni kwa kukosa fedha ni shauri la madai, si kosa la jinai. Hata mahakama inapotoa amri ya kukamata mali ya mdaiwa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 48, inavilinda baadhi ya vitu, vikiwamo nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, pamoja na zana za kazi za fundi. Watu wanaobeba godoro na sufuria za mdaiwa kwa nguvu, bila amri yoyote, hawana kinga ya sheria hiyo.

Mume, mke na deni la siri

Madeni mengi ya nyumbani hukua gizani. Mama amekopa kwenye kikundi bila baba kujua. Baba amekopa kwa rafiki na kuweka rehani kadi ya pikipiki bila kumwambia mama. Kila mmoja anatoa rejesho lake kimyakimya kutoka katika mfuko ule ule wa chakula, na kila mmoja anashangaa fedha zinakwenda wapi. Siku siri inapofichuka, mara nyingi mbele ya wadai, ugomvi huwa mkubwa kuliko deni.

Sheria imekwisha kulitazama jambo hili kwa upande wa nyumba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo katika rehani ya nyumba ya ndoa. Mwanandoa anayeletewa karatasi atie saini asifanye hivyo kwa heshima tu. Anayo haki ya kujua ni kiasi gani kinakopwa, kwa kazi gani, na kitalipwaje mwezi ambao hakuna kazi.

Kwa mikopo midogo hakuna karatasi ya kutia saini, hivyo wanandoa wajiwekee sheria yao wenyewe. Iliyo rahisi ni kukaa pamoja mara moja kwa wiki na daftari, na kukubaliana kwamba hakuna mkopo unaozidi kiasi fulani utakaochukuliwa na mmoja bila mwingine kujua. Watoto wakubwa nao waelezwe kwa kadiri ya umri wao. Mtoto anayejua kuwa nyumba inalipa deni huvumilia viatu vya mwaka jana kwa urahisi kuliko anayeambiwa tu kuwa fedha hakuna.

Baada ya deni la mwisho

Familia inayomaliza deni huwa katika hatari ya kipekee. Wakopeshaji humpenda mtu aliyemaliza vizuri, na ujumbe wa kumwongezea kiwango cha mkopo huweza kufika siku ile ile. Taarifa za ulipaji wa mikopo katika taasisi rasmi hukusanywa pia na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya BoT, hivyo aliyelipa vizuri anajenga jina litakalomsaidia siku atakapohitaji mkopo mkubwa wenye riba nafuu. Jina hilo asilitumie kwa haraka.

Kwa angalau miezi mitatu, kiasi kilichokuwa kikienda kwenye madeni kiendelee kutolewa kila jioni kama kwamba deni bado lipo, na kiwekwe akiba mpaka kifikie mahitaji ya lazima ya mwezi mmoja. Kwa familia ya mfano wetu kiasi hicho ni Sh370,000. Ikifika hapo, masika yanaweza kuja, Ramadhani inaweza kuingia na fundi anaweza kukaa wiki tatu bila kazi, na nyumba isilazimike kumtafuta mkopeshaji.